Mama wa Kauri: Jina na Tiba ya Yungiyungi la Milimani

Katika historia ya tiba ya Wachina, ni nadra kupata dawa ambayo jina lake linafichua mengi kama beimu. Mmea huu ni wa jamii ya mayungiyungi, na aina zake za mwituni zinazothaminiwa zaidi huota katika milima ya magharibi mwa China: Sichuan, Yunnan na Tibet. Kitumiwacho si ua wala jani, bali kitunguu kidogo cheupe kilichofukiwa ardhini. Bei maana yake ni kauri. Mu ni mama. Mwanazuoni Tao Hongjing, aliyeishi kati ya mwaka 456 na 536, alieleza kwamba kitunguu hicho kilifanana na kauri zilizokusanywa pamoja.

Jina hilo lilitokana na sura, lakini lilisadifu thamani pia. Herufi nyingi za Kichina zihusuzo mali na biashara zimebeba alama ya kauri hadi leo. Jambo hili si geni Afrika Mashariki, ambako Waganda bado huita fedha ensimbi, yaani kauri.

Beimu imeorodheshwa katika Shennong Bencao Jing, kitabu cha kale cha dawa za Wachina. Waganga waliitumia kupoza joto la mapafu, kutuliza kikohozi kikavu, kuyeyusha balghamu, na kutibu uvimbe wa shingo na majipu ya matiti. Majumbani, unga wake hupikwa kwa mvuke ndani ya tunda la pea pamoja na sukari. Waganga hao walionya pia isichanganywe na akoniti, mzizi wenye sumu kali. Uchunguzi wa maabara umetambua alkaloidi katika vitunguu hivyo, na majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba baadhi yake hupunguza kikohozi. Hata hivyo, majaribio hayo hayathibitishi kila dai la waganga wa kale.

Maadamu jina lilieleza kitunguu tu, mimea mbalimbali yenye vitunguu vya namna hiyo iliweza kuingia chini yake. Katika kitabu mashuhuri cha Li Shizhen, kilichochapishwa mwaka 1596, beimu ilikuwa bado na kichwa kimoja. Ni Zhao Xuemin, katika nyongeza yake ya mwaka 1765, aliyetenganisha beimu ya Sichuan na ile ya Zhejiang: ya kwanza tamu, ya kulainisha mapafu, ya pili chungu, ya kuondoa joto. Wafanyabiashara nao waligawanya zaidi. Lubei, mathalani, ilichukua jina lake kutoka Dajianlu, mji wa soko ambao leo huitwa Kangding. Aghalabu, basi, majina yalifuata soko, wala hayakufuata mmea ulivyo mlimani.

Mmea wenyewe, hata hivyo, haukubaki vile vile. Lubei hutokana na Fritillaria delavayi, unaoota kwenye miteremko ya mawe. Hutoa ua baada ya takriban miaka mitano, na kilo moja ya dawa huhitaji vitunguu zaidi ya 3,500. Mwaka 2020 watafiti wa China na Uingereza walichapisha ushahidi kwamba mahali ulipochimbwa kwa wingi, mmea huu una rangi ya kijivu au kahawia inayofanana na mawe yaliouzunguka. Mahali pasipofikiwa kwa urahisi, ungali wa kijani kibichi. Wachimbaji waling'oa walioiona, na ile iliyojificha ikabaki kuzaa.

China iliiweka beimu ya Sichuan katika orodha ya mimea ya dawa ya kuhifadhiwa mwaka 1987, na mwaka 2021 jenasi nzima ya Fritillaria iliingizwa katika orodha ya taifa ya mimea ya mwituni inayolindwa. Lakini sheria huhitaji majina yanayotofautisha. Mtunga kamusi anayeandika tu "dawa ya kikohozi" mbele ya jina la mmea ameeleza haja ya mnunuzi. Mmea wenyewe hajauandika. Lugha zetu nazo zina majina mengi ya dawa za porini yaliyokusanywa kwa namna hiyo hiyo. Yafaa wakusanyaji waulize pia mmea waota wapi, wafananaje ukiwa hai, na wachukua miaka mingapi kukomaa, kabla anayeujua hajatoweka, au mmea wenyewe.