Wawili wa Lagos, bei ya petroli na pombe ya mchikichi

Tarehe 1 Januari 2012 Wanaijeria waliamka na salamu mbaya ya mwaka mpya. Petroli iliyokuwa naira 65 kwa lita ilikuwa imeruka hadi naira 141, na kwingine zaidi. Serikali ya Rais Goodluck Jonathan ilikuwa imeondoa ruzuku ya mafuta siku hiyohiyo ya sikukuu, wakati wengi wako bado vijijini walikokwenda kula Krismasi na nauli ya kurudi mjini wameihesabu kwa bei ya jana. Na kule petroli si ya gari tu. Umeme wa kampuni huja unapotaka, kwa hiyo kinyozi ana jenereta, mshonaji ana jenereta, na studio ya muziki ina jenereta. Mafuta yakipanda, hata wimbo unapanda.

Tarehe 9 vyama vya wafanyakazi vikaanza mgomo wa nchi nzima. Lagos watu walijaa Ojota, kwenye bustani ya Gani Fawehinmi, wasanii na wanaharakati wakipokezana kipaza sauti. Tarehe 16 mgomo ukasitishwa na bei ikashuka hadi naira 97. Walioandamana walishinda au walishindwa? Mpaka leo ukiwauliza Wanaijeria wawili utapata majibu matatu.

Naanza na petroli kwa sababu kundi ninalotaka kulieleza lilichukua jambo hilo likalifanya jina la kazi yao. Kundi linaitwa Show Dem Camp. Ni watu wawili tu: Wale Davies, anayejiita Tec, na Olumide Ayeni, anayejiita Ghost. Vijana wa hapa Dzaleka wakilisikia jina hilo mara ya kwanza hucheka, eti na wao wako kambini? Hapana. Katika lugha ya rap, camp ni watu walio upande mmoja. Lakini acha wacheke, angalau jina wanalikumbuka.

Ili mtu aelewe walichofanya hawa wawili, lazima kwanza ajue walikuta nini. Rap ya Nigeria si ya jana. Ron Ekundayo alitoa santuri yenye rap mwaka 1981, wakati wengi wetu wazazi wetu hawajaoana. Ila miaka hiyohiyo ya 80 uchumi ukaanguka. Mwaka 1986 serikali ya Babangida ikaingia kwenye mpango wa kurekebisha uchumi, thamani ya naira ikaporomoka, na kampuni kubwa za kigeni zilizokuwa zikirekodi muziki Lagos zikauza hisa zao au zikafunga milango. Waliobaki wakauzia wapi? Alaba. Hilo ni soko kubwa la vifaa vya umeme huko Ojo, Lagos, na ndilo likawa kampuni ya rekodi bila kuitwa hivyo. Mfanyabiashara wa Alaba anachukua wimbo wako, anaunakili kwa maelfu, unasikika nchi nzima. Pesa? Hiyo ni hadithi nyingine. Unaweza kuwa maarufu mpaka Kano na bado ukadaiwa kodi ya chumba.

Mwaka 1994 Ray Power ikafungua redio ya kwanza ya binafsi nchini, na hapo vijana wakapata pa kusikika. Mwishoni mwa miaka ya 90 likatokea kundi la Remedies, watu watatu, na wimbo wao Sakomo walioupiga juu ya mdundo wa Mmarekani MC Lyte. Likatokea Trybesmen, watatu nao, wakiwa na lebo yao wenyewe. Wakatokea Plantashun Boiz, tena watatu, ambao mmoja wao ndiye yule 2Face tuliyemjua sote kwa African Queen. Angalia yaliyowapata: makundi yote matatu yalivunjika ndani ya miaka michache. Kila mmoja akaenda na jina lake. Mimi nimezoea kuona jambo hilo hapa kambini, kundi linavunjika kabla hata ya wimbo wa tatu, mara nyingi kwa sababu ya fulana moja au safari moja ya Lilongwe, kwa hiyo sikushangaa.

Tec na Ghost walitoa Clone Wars ya kwanza mwaka 2010. Maana ya jina haifichiki: vita dhidi ya nakala, dhidi ya wasanii wote kufanana. Wakati huo Lagos ilikuwa inacheza, muziki wa kucheza ndio uliolipa, na rap ya maneno mengi kwa Kiingereza na Pijini haikuwa na soko kubwa. M.I Abaga alikuwa ameshaonyesha tangu 2008 kwamba rapa anaweza kupendwa na nchi, lakini yeye alikuwa na Chocolate City nyuma yake. Hawa wawili hawakuwa na lebo kubwa. Wakaendelea wenyewe.

Halafu wakafanya kitu ambacho mimi, kama mtu anayependa historia, nakiona kuwa ndiyo siri yao. Clone Wars iliyofuata wakaiita The Subsidy, yaani Ruzuku. Ya tatu ikaitwa The Recession. Mtu aliyeishi Nigeria mwaka 2016 haitaji kuelezwa: pipa la mafuta ghafi lililokuwa juu ya dola 100 katikati ya 2014 lilikuwa limeshuka chini ya dola 30 mwanzoni mwa 2016, serikali ikaiachia naira mwezi Juni ikaanguka, na nchi ikaingia kwenye mdororo ambao haikuwa imeuona kwa zaidi ya miaka 20. Ya nne, mwaka 2019, mwaka ambao Muhammadu Buhari alichaguliwa tena, ikaitwa These Buhari Times. Ya tano, 2021, ikageukia mitandao na mashine zinazotuchagulia cha kusikiliza.

Panga majina hayo mezani. Ni kalenda. Mwalimu wa historia angeweza kufundishia nayo miaka kumi ya Nigeria bila kitabu. Shabiki aliyekuwa na miaka 18 wakati wa mgomo wa Januari alikuwa na miaka 27 wakati wa kanda ya tano, na kila alipoumizwa na jambo, wale wawili walikuwa wamelitaja kwa jina lake. Mtu wa namna hiyo hahami. Wafuasi wao hawakuletwa na wimbo mmoja uliolipuka. Wamekuja mmojammoja, kama watu wanaoingia kanisani wakati ibada imeshaanza, na wakakaa.

Sasa nizungumze na ninyi ndugu zetu wa mashirika, maana najua mnasoma gazeti hili. Kuna mwaka shirika moja, sitalitaja, lilileta shindano la rap. Mada tulipewa: kunawa mikono. Zawadi fulana na kofia. Vijana kumi na mbili wakachana kuhusu sabuni, wengine vizuri kabisa, na wiki iliyofuata hakuna hata mmoja aliyeuimba wimbo wake tena. Kunawa mikono ni jambo jema, mimi mwenyewe nanawa. Lakini wimbo wa kuagizwa unakufa na bajeti iliyouagiza. Hakuna aliyewaagiza Tec na Ghost kuimba kuhusu ruzuku.

Ila hasira peke yake haijazi uwanja. Hapo ndipo pombe inapoingia. Mwaka 2017 wakatoa Palmwine Music, wakishirikiana na mtayarishaji Spax: gitaa jepesi, mdundo wa kutembea taratibu, waimbaji wa kizazi kipya cha Lagos kama BOJ kwenye viitikio, na wao wawili wakichana kuhusu mapenzi, Lagos na Desemba. Ya pili ikafuata 2018. Watu waliokuwa wanawaheshimu kwa mbali sasa wakaanza kuwacheza.

Jina hilo nalo lina historia, na hapa Wakongo mtege sikio. Pombe ya mchikichi, ile ambayo kwetu magharibi huitwa malafu, ilikuwa inanywewa kwenye vilabu vya bandarini, Freetown, Accra, Lagos. Mabaharia wa Kru kutoka pwani ya Liberia, waliofanya kazi kwenye meli za Wazungu, walijifunza gitaa safarini na kulipiga kwa vidole viwili, kidole gumba kikishika besi na cha shahada kikicheza juu. Walipiga palipo na pombe, na muziki ukachukua jina la pombe. Mwaka 1928 Kumasi Trio wa Ghana walirekodiwa London, na miaka ya 30 Tunde King wa Lagos akatoa humo mtindo wa juju. Na muziki huo haukuishia Nigeria. Reli ya Matadi hadi Léopoldville ilijengwa kati ya 1890 na 1898, na wafanyakazi wengi walitolewa Afrika Magharibi. Wengine walifuata kama makarani na mafundi, watu wakawaita Coastmen, watu wa pwani. Walikuja na magitaa na nyimbo zao. Kwa hiyo gitaa la rumba ya baba zetu na gitaa la Palmwine Music wamenyonya ziwa moja. Nilipompigia mzee wa jirani yangu, mtu wa Kinshasa, moja ya nyimbo hizo kwenye simu, aliniambia nipunguze kelele za hao vijana ili asikie gitaa.

Mwezi Desemba 2017 wakafanya tamasha lao wenyewe Lagos, Palmwine Festival. Baadaye likafika London, ambako kuna Wanaijeria wengi. Mimi naona hilo ndilo lilikuwa hatua kubwa kuliko albamu yoyote. Msanii asiye na lebo huomba nafasi kwenye jukwaa la mwenzake, anapangiwa saa kumi jioni jua likiwaka na watu hawajafika. Mwenye jukwaa lake anapanga saa, anapanga nani aimbe, na anawaleta wadogo zake. Tems alisikika kwenye nyimbo za Show Dem Camp kabla dunia haijamjua kwa Essence ya Wizkid mwaka 2020, na Tec ni mmoja wa mameneja wake. Waswahili wana msemo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawa wamesifiwa tangu 2017 na Clone Wars ya nne na ya tano bado zilikuja kali.

Hapa Dzaleka tunalijua jambo la jukwaa la kwetu. Kambi hii ilifunguliwa 1994 mahali palipokuwa gereza, ikapangwa kwa watu wapatao elfu kumi, na sasa tumepita elfu hamsini. Mwaka 2014 Menes La Plume, mshairi na rapa Mkongo aliyekuwa mkimbizi papa hapa, alianzisha Tumaini Festival. Wengi walidhani ni ndoto: nani atatoka mjini kuja kusikiliza muziki kambini? Wakaja. Tena wengine wanalala nyumbani kwetu, wanakula ugali wetu. Miaka mitatu kabla ya Palmwine Festival, bwana.

Lakini nisidanganye mtu. Tec na Ghost si watoto wa shida kama yetu. Wamewahi kuishi nje, wana elimu, wana pasipoti. Tec ni mmoja wa walioandika filamu ya My Father's Shadow, iliyoongozwa na mdogo wake Akinola, ambayo mwaka 2025 ilikuwa filamu ya kwanza ya Nigeria kuchaguliwa rasmi Cannes. Inahusu uchaguzi uliofutwa wa Juni 1993. Mtu anayeweza kupanda ndege kwenda London akaimbe na kurudi si sawa na mtu ambaye, baada ya amri ya serikali ya 2023 ya kurudisha wakimbizi wote kambini, hata duka lake la Lilongwe amelifunga. Uhuru wa msanii wa kujitegemea unaanza na uhuru wa kupanda basi. Mkituambia tujitegemee, jibuni kwanza hilo.

Kilichobaki ambacho hakihitaji pasipoti ni tarehe. Kuna kijana jirani, anarekodi chumbani, godoro limesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi, na akirekodi mama yake analala kwenye mkeka. Ana simu moja na kipaza sauti cha kuazima. Nyimbo zake za mwanzo zilikuwa za magari ambayo hajawahi kuyapanda. Mwaka huu ameanza mkanda mpya, nyimbo sita, na kila wimbo umepewa jina la mwezi na bei ya ndoo ya mahindi mwezi huo. Wa mwezi ambao mgao ulipunguzwa ameurekodi bila mdundo kabisa. Amenakili kwenye flashi tatu, moja iko kwa kinyozi wa karibu na soko, na kinyozi anaipiga kila jioni jenereta likiwashwa. Wateja wameshaanza kubishana kuhusu bei ya Machi.