Mawe ya Redio Juani

Katika miaka ile ya uhaba, 1983 na 1984, betri za redio zilipatikana kwa kujuana. Mwenye duka alizificha chini ya kaunta pamoja na sabuni, na aliyebahatika kupata jozi moja aliitunza kama yai. Zilipochoka hakuna aliyezitupa, zilianikwa. Ukipita adhuhuri kwenye nyumba za walimu chuoni kwetu uliyaona mawe ya redio yamepangwa dirishani, na jioni taarifa ya habari ilisikika tena, japo kwa sauti ya mgonjwa.

Nilikuwa nikifundisha fizikia. Mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili aliandika katika jaribio kwamba seli kavu hujichaji yenyewe ikipumzishwa juani. Nilimnyima alama zote na, jambo ninaloliona baya zaidi, nililisoma jibu lake mbele ya wenzake. Darasa likacheka. Akasimama akasema kwa adabu, "Samahani Mwalimu, lakini mimi nimeona. Bibi yangu hufanya hivyo kila wiki." Nikamwambia akae.

Usiku ule nilifungua redio yangu. Ilikuwa ikiimba kwa mawe manne niliyoyaanua mwenyewe alasiri.

Swali la kijana yule, msomaji, lilikwisha wasumbua watu wazito. Alessandro Volta, alipopanga sahani za metali mbili na vitambaa vya maji ya chumvi mwaka 1800, aliamini kwamba umeme unatokana na metali hizo kugusana tu. Kama ni kugusana tu, basi hakuna kinacholiwa, na kama hakuna kinacholiwa, kwa nini uishe? Giuseppe Zamboni, padri aliyefundisha fizikia Verona, alitengeneza mwaka 1812 nguzo ya vipande vingi vya karatasi vilivyopakwa metali upande mmoja na manganisi upande wa pili. Ilidumu kiasi kwamba aliiona kama chombo cha milele. Nguzo za aina hiyo zipo Oxford, Uingereza, zikichezesha kidude kati ya kengele mbili ndogo tangu mwaka 1840, na zimesimama kwa vipindi vifupi tu, hewa inapokuwa na unyevu. Anayetazama anaweza kuapa kwamba zinajichaji. La, ni bahili tu. Kila kidude kinapogusa kengele hupita umeme kidogo mno, mkondo wa kama sehemu moja ya bilioni ya ampea, na hazina ndogo ikitumiwa hivyo huchukua vizazi kwisha.

Mawe yetu yana asili nyingine. Seli za mwanzo zilichoka upesi kwa sababu viputo vya haidrojeni vilijikusanya kwenye sahani na kuuzuia umeme. John Daniell alilitafutia dawa tatizo hilo mwaka 1836. Georges Leclanché, mwaka 1866, alitumia manganisi kuidhibiti haidrojeni, na kutoka kwake ndipo ilipozaliwa seli kavu ya dukani. Lakini manganisi hufanya kazi polepole. Ukisikiliza mpira dakika tisini mfululizo, uchovu huizidi mbio. Ukizima redio, nayo hupata nafasi ya kusafisha. Hapo ndipo betri "inapofufuka".

Haya niliyajua. Ningeweza kuyasema darasani badala ya kucheka, ila sikuwahi kuyaunganisha na dirisha langu.

Wiki iliyofuata nilimwita yule kijana maabara. Tulichukua mawe sita yaliyochoka pamoja: mawili juani, mawili kabatini, na mawili tukayafunga katika nguo nzito karibu na jiko la mkaa, mbali kidogo na moto. Jioni voltimita ilipanda kwa yote sita, hata yale ya kabatini ambayo hayakuonja jua. Kijana akanitazama, nikakubali kwa kichwa. Kisha tukawasha balbu ya tochi. Ya juani na ya jikoni yaliwaka vizuri zaidi, maana joto huharakisha kemikali. Tulipoyaacha yapoe usiku kucha, hatukuona tofauti. Na kila siku tuliporudia, balbu ilififia mapema kuliko jana. Volti zilirudi. Kazi haikurudi. Ukiuinamisha mtungi utapata kata moja zaidi, lakini hujaenda kisimani. Kwenda kisimani kwa betri ni kuipitishia umeme kutoka nje, kama Gaston Planté alivyofanya mwaka 1859 kwa betri yake ya risasi, nyanya wa betri za magari. Mawe ya redio hayakuundwa kwa safari hiyo.

Mwisho tukalipasua moja kwa msumeno. Gamba lake la zinki lilikuwa limeliwa matundu kama bati la pwani. Kijana alipitisha kidole pale palipotoboka, akauliza, "Hii zinki, Mwalimu, jua haliwezi kuirudisha?" Nikasema haliwezi.

Mbele ya darasa lilelile nilisema kwamba alichokiona ni kweli, na kwamba kosa lake lilikuwa neno moja, "hujichaji". Nilimrudishia alama zake isipokuwa moja. Hakuidai. Aliomba tu lile jiwe lililopasuliwa, akalifunga kwenye gazeti ampelekee bibi yake likizo, kwa kuwa bibi, alisema, haamini mpaka aone.