Mapipa ya Lualaba
Reli iliyofika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ndiyo iliyowawezesha Waingereza mwaka 1915 kupitisha Katanga mashua mbili za kivita, Mimi na Toutou, zenye urefu wa mita 12 hivi, kuelekea Ziwa Tanganyika. Kutoka Fungurume, reli ilikoishia, zilikokotwa porini kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe. Mtihani mwingine mkubwa ulikuwa mto Lualaba, uliopungua maji kwa kiangazi, ambako mapipa matupu yalifungwa kwenye mashua ili hewa iliyomo iongeze uelezi, yaani nguvu ya maji ya kukiinua chombo. Tarehe 26 Desemba 1915, baada ya kufika ziwani, mashua hizo ziliiteka Kingani, meli ya Wajerumani.