Uzee si Upofu

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, mzee akianza kupoteza nuru ya macho, jamaa zake husema, "Ni uzee." Neno hilo limewafungia gizani wazee wengi ambao wangeweza kuona. Historia ya tiba yalikanusha, na historia hiyo ilianzia vitani.

Mwezi Agosti 1940, ndege ya Gordon Cleaver, rubani wa Jeshi la Anga la Uingereza, ilipigwa na adui. Kifuniko cha plastiki kilichokuwa juu ya kichwa chake kilipasuka, na vipande vikamwingia machoni. Daktari Harold Ridley, aliyewachunguza marubani waliojeruhiwa namna hiyo, aligundua kwamba plastiki ile iliweza kukaa ndani ya jicho bila kulitia uvimbe.

Jicho lina lenzi yake ya asili. Kadiri miaka ipitavyo, protini za lenzi hiyo huharibika na kugandamana, hata ikawa kama kioo chenye ukungu. Huyo ndiye mtoto wa jicho. Zamani madaktari waliitoa lenzi hiyo, na mgonjwa akavaa miwani mizito maisha yake yote. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas', London, Ridley alijaribu kuweka badala yake lenzi ya plastiki. Vipimo vya lenzi ya kwanza havikuwa sawasawa, na mabingwa wenzake walimpinga kwa miaka mingi. Hata hivyo majaribio yaliendelea na kasoro zikarekebishwa. Ridley mwenyewe, alipozeeka, alitiwa lenzi hizo katika hospitali ile ile. Mwaka 1994 kiwanda cha lenzi kilifunguliwa Asmara, Eritrea, ili nchi maskini zizipate kwa bei nafuu.

Leo upasuaji huo hufanyika Ruharo, mjini Mbarara, katika kituo cha macho cha hospitali ya misheni ya Kanisa la Uganda. Nakivale, ambako wakimbizi wamepokewa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na wengine kuzeekea huko huko, iko katika wilaya jirani ya Isingiro.

Askari hufundishwa kutomwacha majeruhi nyuma. Mzazi aliyefunikwa na mtoto wa jicho ni majeruhi wa miaka. Tena si kila giza ni mtoto wa jicho: presha ya jicho huua mshipa wa kuonea, na kilichopotea hakirudi. Kwa hiyo mzee apelekwe kupimwa mapema, kabla jamaa hawajatamka kwamba ni uzee.