Kutoka Hitilafu hadi Chombo: Historia ya Rezonansi Kali katika Metamateriali, 1902–2018

Masimulizi mengi ya historia ya metamateriali huanzia mwaka 1999, pale John Pendry na wenzake walipoonyesha kinadharia kwamba pete ndogo za chuma zenye mkato huitikia sehemu ya sumaku ya wimbi kwa namna isiyopatikana katika maada ya kawaida. Kwa utafiti wa kuipinda nuru kinyume, mwanzo huo unafaa. Kwa rezonansi kali, yaani mwitikio unaojitokeza katika upeo mwembamba sana wa masafa, unapotosha. Insha hii inatetea hoja kwamba mizizi ya rezonansi hizo ni ya karibu karne moja kabla, na kwamba kilichobadilika zaidi ni mtazamo wa wanasayansi: kilichohesabiwa kuwa hitilafu kiligeuzwa kuwa chombo.

Mwaka 1902, Robert W. Wood wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alichunguza nuru iliyotawanywa na bamba la chuma lililochorwa mistari mingi sambamba. Alitarajia spektra inayobadilika polepole. Badala yake aliona mwangaza ukishuka ghafla kutoka upeo wa juu hadi wa chini, ndani ya upana usiozidi nafasi iliyo kati ya mistari miwili ya manjano ya sodiamu, ambayo ni takriban nanomita 0.6. Jambo hilo lilitegemea pia mwelekeo wa mtetemo wa nuru. Likaitwa "hitilafu za Wood", na jina lenyewe linadhihirisha kwamba lilichukuliwa kuwa kasoro ya kanuni iliyokwisha kukubalika. Mwaka 1907, Lord Rayleigh alieleza hitilafu hizo hutokea katika urefu gani wa mawimbi, lakini umbo lake lilibaki bila maelezo ya kuridhisha.

Maelezo hayo yalikuja kwa Ugo Fano, mwanafizikia Mwitalia aliyeihama nchi yake mwaka 1939 kufuatia sheria za ubaguzi wa rangi. Katika makala ya 1941 aliyoiandika akiwa Marekani, alihusisha hitilafu za Wood na mawimbi yanayosafiri yakiwa yamegandamana na uso wa chuma. Miaka 20 baadaye, mwaka 1961, alichapisha kanuni mashuhuri inayobeba jina lake. Kanuni hiyo haikuhusu mabamba ya mistari. Ilihusu atomu za heliamu na elektroni zinazopoteza nishati zinapozipitia. Kiini chake ni hiki: tokeo moja likifikiwa kwa njia mbili, moja ya moja kwa moja na nyingine inayopitia hali finyu ya nishati, njia hizo huimarishana upande mmoja wa kilele na kufutana upande wa pili. Hivyo huzaliwa mstari usio na ulinganifu.

Kuunganishwa kwa mikondo hii miwili na metamateriali kulidhihirika mwaka 2007. V. A. Fedotov, N. I. Zheludev na wenzao wa Southampton, pamoja na S. L. Prosvirnin wa Kharkiv, walipima mawimbi ya mikro yakipita katika safu za pete zilizokatwa vipande viwili vyenye urefu tofauti. Mikondo ya umeme katika vipande hivyo hutiririka kinyume, hivyo mnururisho wake karibu hufutana na nishati hunaswa. Vipande vikiwa sawa kabisa, wimbi linaloujia uso wima haliwezi kuiamsha hali hiyo. Tofauti ndogo ya urefu ndiyo mlango wake. Mwaka 2011, Ranjan Singh na wenzake walionyesha rezonansi za namna hiyo katika teraherzi, ambako urefu wa wimbi kwa teraherzi 1 ni milimita 0.3. Umuhimu wake ulikuwa dhahiri: mstari mwembamba ukisogea kidogo kwa sababu ya utando wa dutu uliowekwa juu ya pete, msogeo huo huonekana.

Hata hivyo, ukali huo una gharama. Kadiri nishati inavyokaa muda mrefu ndani ya pete, ndivyo chuma kinavyoifyonza na kuigeuza joto. Tatizo hilo huzidi katika masafa ya nuru. Ndiyo sababu watafiti wengi waligeukia silikoni. Mwaka 2018, Kirill Koshelev, Yuri Kivshar na wenzao walionyesha kwamba, upotevu wa ndani ukiwekwa kando, ukali wa rezonansi hupungua kwa kadiri ya mraba wa kipimo cha ukosefu wa ulinganifu. Waliiunganisha kanuni hiyo na hali zilizofungwa ndani ya mwendelezo, wazo la John von Neumann na Eugene Wigner la mwaka 1929.

Kwa hiyo, kuitaja makala ya 1961 peke yake kama asili ya fani hii ni kukubali umbo la mstari na kusahau maada yake. Kanuni ilitoka kwenye atomu. Kifaa chenyewe, yaani uso wa chuma wenye mpangilio unaojirudia, kilikuwa mikononi mwa Wood tangu 1902. Kilichokosekana wakati huo kilikuwa sababu ya kuitaka hitilafu.