Mshona Viatu Aliyepewa Maneno: Historia ya Filamu Isiyokamilika

Asomaye ngano za Kiswahili, awe Unguja au Boga, hakosi kukutana na Abunuwasi, mjanja ajifanyaye mpumbavu mbele ya sultani. Jina lake limetokana na mshairi wa Baghdad wa zama za Harun al-Rashid, lakini vituko vingi anavyopewa husimuliwa pia juu ya Juha wa Waarabu na Mulla Nasreddin wa Waturuki na Waajemi. Nasreddin huyo ndiye asili ya filamu moja ya katuni ambayo historia yake yafaa kuangaliwa na kila ashughulikaye na nakala za matini na mabadiliko yake.

Mnamo mwaka 1964 Richard Williams, mchoraji mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi London, alianza kuchora picha za vitabu vya Idries Shah vya ngano za Nasreddin. Humo likazuka wazo la filamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Williams na ukoo wa Shah walitengana, naye akabakiwa na michoro isiyo na shujaa. Ikambidi atunge kisa upya, cha mwivi, waziri mwovu, binti mfalme na mshona viatu aitwaye Tack. Mulla mwenye maneno mengi aliondoka. Mwivi na mshona viatu, walioshika nafasi yake, hawasemi. Tack hubana misumari midomoni, na mkao wa misumari hiyo ndio tabasamu au huzuni yake. Kinywa hukifungua mara moja tu, mwishoni.

Kazi ilikwenda polepole mno, ikigharimiwa na matangazo ya biashara yaliyotengenezwa na studio yake. Williams alitaka michoro 24 kwa sekunde, pale ambapo wengi hutosheka na 12. Baada ya filamu ya Roger Rabbit ya mwaka 1988 kumpatia tuzo ya Oscar, Warner Bros. ilikubali kumdhamini. Muda uliowekwa ukapita. Mwezi Mei 1992 Warner ilijitoa, na kampuni iliyotoa dhamana ya kukamilika kwa filamu ikamnyang'anya kazi hiyo.

Fred Calvert aliyekabidhiwa kuimaliza alikata maonyesho, akaongeza nyimbo, na Tack akaanza kuzungumza. Nakala hiyo ilitolewa Australia na Afrika Kusini mwaka 1993 kwa jina la The Princess and the Cobbler. Mwaka 1995 Miramax ilitoa nyingine Marekani, Arabian Knight, ambamo hata mwivi alitiwa sauti ya mawazo yake, yenye mizaha isiyokoma.

Wanaochunguza tenzi wamezoea mnakili anayeongeza beti mahali alipodhani pana pengo. Hapa pengo halikuwapo. Kimya kilikuwa sehemu ya matini, nacho kilijazwa kwa hofu kwamba mtazamaji hataelewa: kosa zito kuliko kukata, kwani kilichokatwa chaweza kurudishwa, bali mchoro uliopachikwa maneno husomwa vingine kabisa.

Mwezi Desemba 2013 nakala ya kazi ya mwaka 1992 ilionyeshwa Los Angeles kwa jina la A Moment in Time, michoro ya penseli ikiwa bado mahali pake. Williams alifariki mwaka 2019 bila kuikamilisha.