Kipushi: Mavuno ya Mara Moja



Anayetoka Lubumbashi kuelekea kusini-magharibi hufika Kipushi baada ya kilomita 30 hivi, mpakani na Zambia. Chini ya mji huo umo mgodi wa shaba, zinki na risasi ambao umelisha jamaa nyingi kwa vizazi kadhaa. Tunapenda tuutafakari pamoja, kwa maana historia yake inatuuliza swali zito: mali isiyoota tena itumiweje?

Tuanze na mawe yenyewe. Zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, nchi hii ilifunikwa na bahari isiyo na kina kirefu, na katika sakafu yake yakajengeka matabaka ya mawe ya chokaa na dolomiti. Baadaye ardhi ilisukumwa, matabaka yakakunjwa na kupasuka. Kadiri ya miaka milioni 450 iliyopita, maji ya moto yenye chumvi na metali yalipanda kwa njia ya ufa mkubwa wa Kipushi, yakalila lile jiwe la dolomiti, na mahali pake yakaacha zinki, shaba, risasi na jerimaniamu. Ndiyo sababu mali ya Kipushi haikulala kama mkeka: imesimama kama ukuta, ikishuka zaidi ya mita 1,500.

Wazee wetu waliitambua shaba ya nchi hii kabla ya wageni. Walichimba jiwe la kijani, wakaliyeyusha kwa makaa, wakatengeneza misalaba midogo iliyotumika kama fedha. Mzungu George Grey alipofika Kipushi mwaka 1899, alikuta machimbo ya wenyeji. Union Minière ilianza kuchimba mwaka 1924, kwanza katika shimo la wazi, kisha chini ya ardhi. Mgodi ukaitwa Prince Léopold, jina la mwana wa mfalme wa Ubelgiji. Majina ya waliochimba hayakuwekwa mlangoni. Kampuni hiyo iliwatafuta wafanyakazi mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Rwanda na Burundi. Katika makambi yake watu wa lugha nyingi walijifunza kusemezana kwa Kiswahili, na sisi ni wajukuu wao.

Toka 1924 hadi 1993 zilitolewa tani milioni 60 hivi za mawe yenye madini. Mji wote uliishi kwa mgodi: mshahara, posho, shule, hospitali. Lakini mwaka 1993 kazi ilisimamishwa, kwa ukosefu wa fedha na misukosuko ya nchi. Tuzingatie jambo hili: madini hayakuwa yamekwisha. Chini ya mita 1,200 ilibaki zinki nyingi isiyoguswa. Kilichokwisha ni uwezo wa kuutunza mgodi.

Na mgodi uliolala bado unadai ulinzi, kwa sababu maji ya ardhini hayapumziki. Kwa miaka 18 mafundi wa Gécamines waliendelea kuyavuta, ingawa hakuna madini yaliyopanda juu. Mwaka 2011 pampu kuu iliharibika, na maji yakapanda hadi mita 850 hivi kutoka juu. Ilihitajika miaka mingi kuyaondoa na kutengeneza upya mashine. Uzalishaji ulianza tena mwaka 2024, Gécamines ikishirikiana na kampuni ya Kanada.

Liko pia fundisho la kilima cheusi cha Lubumbashi. Ni masalio ya tanuru lililoyeyusha shaba, sehemu kubwa kutoka Kipushi. Yaliyotupwa kama takataka yameonekana kuwa na zinki, kobalti na jerimaniamu, ambayo leo hutafutwa kwa vioo vya kuonea gizani na nyuzi za mawasiliano. Asiye na elimu hukanyaga mali yake bila kuijua.

Mahindi tukiyavuna leo, mvua ijayo tutapanda tena. Zinki ya Kipushi huvunwa mara moja tu. Kwa hiyo kila tani inayopanda inapaswa kuacha nyuma yake kitu kinachodumu: shule, maji safi, ufundi mikononi mwa vijana. Bila hayo, tutarithi shimo.

Tujadiliane katika vikundi vyetu:
1. Wazee waliofanya kazi mgodini wangali hai. Nani amekwenda kuwasikiliza na kuandika?
2. Mgodi ukifungwa tena siku moja, sisi tutakuwa tumejifunza kazi gani?